Naomba ushauri: DNA ya okidi inanigomea

Habarini wakuu. Niko Tanga, nafuatilia okidi ya Ansellia africana, ile yenye maua ya njano na madoa kama ya chui. Watu wanaibandua mitini kwenda kuuza, inaniuma sana.

Nataka kutengeneza alama za vinasaba, maikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudiarudia), nijue kama mimea ya pwani na ya chini ya milima ya Usambara bado inabadilishana chavua na mbegu au imeshatengana.

Shida ni majani. Nimeyakausha kwa silika jeli, nikatumia CTAB (kemikali ya kutolea DNA kwenye mmea), lakini DNA inatoka inavutika kama mlenda, PCR (hatua ya kunakili DNA iwe nyingi) inagoma. Nijaribu majani machanga, au ncha za mizizi? Kukata mizizi naogopa kuudhuru mmea.

Pia, aliyewahi kutumia alama za okidi ya jamii nyingine, zilishika, au nianze upya?