Naomba ushauri: mama kavunjika nyonga, ndugu wanataka aende kwa mganga wa mifupa

Habari wakuu, niko Kirumba Mwanza. Mama yangu ni mtu mzima, kateleza mwaloni akigeuza dagaa, eksirei inaonyesha mfupa wa paja umekatika juu kabisa karibu na nyonga, mguu umefupika na unyayo umegeukia nje. Daktari kasema apasuliwe mapema, huo ndo mfupa mrefu kuliko yote 206 ya mwilini na ndo unabeba uzito, akilala tu kitandani atapata vidonda na damu kuganda. Ndugu wanataka apelekwe Sengerema kwa mganga akandwe, mi roho inakataa kabisa, pale kwenye kichwa cha paja (ile ncha ya juu ya mfupa inayoingia kwenye nyonga) damu ikikosa kufika mfupa unakufa. Mliowahi kuuguza mzazi hivi, alitembea tena? Na ndugu mliwaambiaje wakaelewa?