Hii huduma ya kupandishia bidhaa mnadani inatumaliza wauzaji wadogo

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Nipo Uingereza, nauza sarafu na stempu za zamani za Afrika Mashariki kwenye minada ya mtandaoni. Heller za enzi za Mjerumani, pesa za Sultan Barghash zenye mizani, senti 20 za Tanzania za 1966 zenye mbuni. Vitu vya pauni 2, pauni 4, siku ikiwa njema pauni 15. Mnada wenyewe unakata kamisheni ukishauza, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na ile huduma ya pembeni tunayotumia wengi: inatunza picha, inapanga saa ya mnada kufunguliwa, na bidhaa isipouzwa inaipandisha tena yenyewe.

Ilianza bure. Baadaye ikawa pauni 5 kwa mwezi, tukanung'unika tukalipa. Wiki hii imeingia barua pepe: peni 12 kwa kila tangazo, au kifurushi cha pauni 19 kwa mwezi, chagua mwenyewe. Kichwa cha barua eti "Habari njema kwa wauzaji wetu". Njema kwa nani?

Haya, tupige hesabu ya sarafu moja ya mbuni. Imeuzwa pauni 2. Stempu ya daraja la pili peni 87 (bei ya posta ya Aprili 2025, na ya daraja la kwanza ndiyo usiseme, ilikuwa pauni 1.70). Bahasha na kimfuko peni 15. Kamisheni ya mnada peni 25. Mimi niliinunua peni 30. Nabaki na peni 43. Sasa sarafu haziendi haraka kama simu, hii inapanda hata mara nne ndipo apatikane anayeitaka. Peni 12 mara nne ni peni 48. Yaani nimemuongezea mteja peni 5 ili anichukulie sarafu yangu!

Mwenye bidhaa elfu kumi yeye analipa pauni 19 hizo hizo, maana kifurushi hakina kikomo. Kwa hiyo nani anambeba nani hapa? Wakate bidhaa ikishauzwa, kama mnada unavyofanya. Unanitoza vipi kwa kitu ambacho hakijanunuliwa?

Na hamjasikia la picha. Picha zangu zote ziko kwenye seva yao. Heller ya 1913 mkusanyaji hainunui mpaka aone ile herufi ndogo ya mji ilikotengenezwa, J ya Hamburg au A ya Berlin, kwa hiyo kila moja nimeizungusha chini ya taa mpaka herufi isomeke. Masharti mapya yanasema usipolipa mpaka mwisho wa mwezi, picha zinaondolewa hata kwenye minada inayoendelea. Kupakua zote kwa mpigo hakuna, ni moja moja. Wametuteka, hakuna jina lingine.

Mchezo wenyewe si mpya. 2017 Photobucket, tovuti ya kutunzia picha, iliamka ikadai dola 399.99 kwa mwaka kwa anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine, na matangazo ya watu huko eBay na Amazon yakabaki bila picha. Tuliona, tukasema yetu haiwezi kufanya hivyo.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini kasema "hama tu, acha kulia". Mkuu, nihame na nini wakati picha wamezikalia wao? Na mwingine anataka tugome. Wauzaji wa Etsy, lile soko la mtandaoni, waligoma wiki nzima Aprili 2022, makato yalipopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 6.5. Maelfu walifunga maduka yao. Makato yakabaki 6.5. Mimi sipingi mgomo, ila tukigoma sisi wa sarafu za pauni 2 hao jamaa hata hawatajua.

Ninachotaka kwao ni miezi mitatu ya kuhamisha picha, na kitufe cha kuzipakua zote. Nimewaandikia, nimejibiwa na roboti.

Anayejua njia ya kuzitoa kwa mkupuo, hata programu ya kulipia mara moja, aandike hapa hapa tusaidike wote. Na wale wa "mimi nakupakulia, tuma nywila yako", tafadhali piteni.