Ikiwa hadithi ya Demeter ilijulikana na kila mtu, ni siri gani iliyofichwa Eleusis?

Msoma_Tenzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma habari za Demeter, mungu wa kike wa nafaka kwa Wagiriki wa kale, na kuna jambo limenikwamisha. Utenzi wa kale unaomsifu, ambao wataalamu wengi huuweka katika karne ya 7 au ya 6 KK, unasimulia kila kitu waziwazi. Persephone, binti yake, ananyakuliwa na Hades, mungu wa kuzimu, akiwa anachuma maua. Mama anamtafuta siku tisa, mienge mikononi, bila kula wala kuoga. Anafika Eleusis, mji ulio karibu na Athens, akiwa amejigeuza kikongwe na kuketi penye kisima. Kisha anaizuia mbegu isiote, hata wanadamu wakakaribia kwisha kwa njaa, na Zeus, mkuu wa miungu, akalazimika kuagiza binti arudishwe. Kwa kuwa Persephone alikuwa amekwisha kumeza punje ya komamanga huko kuzimu, ikabidi theluthi moja ya kila mwaka aikae chini ya ardhi.

Ikiwa hayo yote yaliimbwa hadharani, waliopitia ibada za siri za Demeter kule Eleusis walificha nini? Na maelfu ya watu waliwezaje kufunga vinywa kwa karne nyingi? Nimesoma pia kwamba vitoto vya nguruwe vilitupwa mashimoni, na mabaki yake yaliyooza yakachanganywa na mbegu. Je, hiyo ndiyo siri yenyewe?

Mwalimu_wa_Zamani

Ndugu yangu, nianze na hao nguruwe, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya ibada mbili. Mashimo uliyoyasoma ni ya Thesmophoria, sikukuu ya wanawake peke yao, iliyofanyika wakati wa kupanda na ambayo kule Athens ilichukua siku tatu, ya katikati ikiwa ya kufunga. Wanawake walioitwa wachotaji, baada ya kujitakasa kwa siku tatu, walishuka mashimoni huku wenzao wakipiga makofi ili kuwafukuza nyoka, wakapandisha mabaki na kuyaweka juu ya madhabahu. Aliyechukua sehemu yake na kuichanganya na mbegu aliamini kwamba shamba lingemzalia vizuri.

Eleusis ilikuwa na utaratibu mwingine kabisa. Waliruhusiwa wanaume kwa wanawake, waungwana kwa watumwa, mradi mtu aelewe Kigiriki na mikono yake isiwe na damu ya mauaji. Inasimuliwa kwamba Kaisari Nero, aliyekuwa amemuua mama yake mzazi, alipozuru Ugiriki hakuthubutu kuhudhuria, kwa sababu mpiga mbiu alikuwa akiwafukuza waovu mbele ya watu wote. Ibada kuu ilifanyika takribani mwezi Septemba. Siku moja ya maandalizi ilitolewa amri ya kwenda baharini, na kila mmoja akaoga pamoja na kitoto cha nguruwe ambacho baadaye kilichinjwa. Siku chache baadaye msafara ulitoka Athens, ukatembea kilomita 20 hivi kwa kufuata Njia Takatifu, watu wakiliita jina la Iakkhos, mungu wa msafara huo, na giza lilipoingia wakafika Eleusis na mienge. Ndani ya patakatifu palikuwa na ukumbi uitwao Telesterion, wa mraba wenye upande wa zaidi ya mita 50, paa lake likibebwa na msitu wa nguzo, na kandokando ya kuta kulikuwa na ngazi ambapo waliohudhuria walikaa wakitazama.

Kutazama ndilo neno la kushika. Aliyerudi baada ya mwaka mmoja au zaidi kupata daraja la juu aliitwa *epoptes*, yaani mwenye kuona. Kwa hiyo mimi naamini kwamba kilichofichwa hakikuwa habari bali tukio. Sisi tuliokulia katika jamii zenye jando na unyago tusilione hilo kuwa geni: jirani anajua kwamba mwari yumo ndani, na pengine anajua hata anayofundishwa, lakini kujua hivyo hakumfanyi awe amechezwa.

Mpekuzi_wa_Nyaraka

Nakubaliana na Mwalimu kwa sehemu kubwa, ila naomba tusisahau kwamba vinywa havikufungwa kwa heshima pekee. Mwaka 415 KK, meli za Athens zilipokuwa katika maandalizi ya kwenda kukivamia kisiwa cha Sicily, Alkibiades, mmoja wa majemadari wa safari hiyo, na wenzake walishtakiwa kwa kuigiza ibada hizo katika nyumba za watu. Alipoitwa kutoka vitani aje ajibu mashtaka, alitoroka. Akahukumiwa kifo bila kuwapo na mali yake ikapigwa mnada. Katika mji wa namna hiyo, mtu alipima kila neno kabla ya kulitamka.

Pili, maelezo machache ya wazi tuliyonayo yanatoka kwa Wakristo waliozipinga ibada hizo. Klementi wa Aleksandria alinukuu maneno ya waliopitia ibada: kwamba wamefunga, wamekunywa kinywaji kiitwacho *kykeon*, wametoa kitu katika kasha, wakakitia katika kikapu, kisha wakakirudisha kasha­ni. Kitu chenyewe hakikutajwa. Hippolytus wa Roma naye aliandika kwamba kilele cha ibada kilikuwa kuonyeshwa suke lililovunwa, katika ukimya. Tuwasome, lakini tukumbuke kwamba walikuwa wakijenga hoja dhidi ya adui.

Msoma_Tenzi

Nashukuru sana, wakuu. Suke moja la nafaka! Nimelifikiria tangu asubuhi na bado linanigusa. Lakini hicho kinywaji, je, hakikuwa na kilevi? Wapo wanaodai kwamba maono ya Eleusis yalitokana na kuvu linaloota juu ya shayiri.

Mwalimu_wa_Zamani

Dai hilo lilipata umaarufu kupitia kitabu cha mwaka 1978, na mimi sijashawishika nalo. Utenzi wenyewe unataja viungo: Demeter anakataa divai nyekundu, anaomba shayiri na maji vikorogwe pamoja na aina ya mnanaa. Ni uji mwepesi wa mkulima, ambao mtu aliyeshinda na njaa angeufurahia. Kuvu hilo ni sumu inayoua, na sioni jinsi ambavyo lingenyweshwa umati wa watu mwaka baada ya mwaka pasipo misiba kukumbukwa. Mtu aliyefunga, aliyetembea kutwa, aliyesimama gizani katikati ya maelfu kisha moto ukawaka ghafla, hahitaji kuvu ili atetemeke. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi aliyepitia ibada hizo, aliandika kwamba Athens haikuwapa watu kitu bora kuliko hizo, kwa sababu walijifunza kuishi kwa furaha na kufa wakiwa na tumaini jema zaidi. Sioni kuwa hayo ni maneno ya mtu anayekumbuka ulevi.

Mpekuzi_wa_Nyaraka

Niongeze jambo moja kuhusu suke hilo. Ibada zilikoma mwishoni mwa karne ya 4 BK, Kaisari Theodosius alipopiga marufuku ibada za kale na Wagothi, wapiganaji wa mfalme Alariki, wakaivamia Eleusis mwaka 396. Hata hivyo, mwaka 1801 Mwingereza Edward Daniel Clarke alikuta pale kijijini sanamu kubwa ya mwanamke, imefukiwa hadi shingoni katika lundo la samadi. Wanakijiji hawakuwa wameitupa. Waliitunza, wakiamini kwamba ndiyo inayoyapa mashamba yao rutuba, na walimsihi asiiondoe kwa kuwa mavuno yangeharibika. Aliiondoa. Meli iliyoibeba ilizama karibu na pwani ya Uingereza, sanamu ikaokolewa, na hadi leo imo katika jumba la makumbusho mjini Cambridge.

Clarke alidhani amempata Demeter mwenyewe. Kumbe ni mmoja wa wanawake wawili wa mawe waliosimama langoni mwa patakatifu, na mwenzake bado yuko Eleusis. Kichwani amebeba kasha la ibada, lile lile ambalo Klementi hakutuambia mlikuwa na nini ndani yake, na ubavuni mwa kasha hilo mchongaji amechonga suke.