Naomba ushauri: tumehamia Tanga kutoka Njombe, joto na unyevu vinatutesa

Habari zenu wakuu, mimi na familia tumehamia Tanga mjini kikazi, tumetoka Njombe kule kwenye baridi ya sweta na blanketi mbili, sasa huku kaskazi limeanza na hatulali. Nyumba ya kupanga ni ya bati, madirisha ya aluminiamu yale ya kusukuma yanafunguka nusu tu, yaani dari inashika joto la mchana mpaka saa 6 usiku bado linashuka, feni inazungusha joto hilohilo. Mtoto mchanga alijaa vipele vya joto shingoni, nesi akasema tusimpake poda, tumwogeshe maji ya kawaida na kumvalisha nguo nyepesi za pamba, kwa hilo namshukuru sana maana anaendelea vizuri.

Kinachoniumiza kichwa sasa hivi ni ukungu. Viatu vya ngozi, mabegi, suti, vyote vinaota kabatini, hata chumvi inalowa.

Wenyeji wa pwani nisaidieni, mkaa kabatini unasaidia kweli? Na mwenye nyumba amekubali nitoboe ukuta, je niweke matundu ya hewa juu karibu na dari au feni ya kutoa hewa nje? AC naogopa, luku yetu tunaijua.