Askari mmoja au wawili kwenye doria: kipi kinatufaa huku mtaani?

Kidagaa wa Tandika: Wakuu, habari za usiku. Juzi kwenye kikao cha ulinzi shirikishi huku kwetu watu nusura watoane macho. Wazee wanataka mkaguzi wetu wa kata aendelee kupita peke yake kwa mguu, maana anawajua hadi wajukuu zao. Vijana wenye vibanda wanataka pikipiki ya wawili, wa nyuma na bunduki, kama wale tuliokuwa tunawaita tigo. Mimi ndiye katibu, nimebanwa katikati. Kwenu ikoje?

Mstaafu Lindoni: Kombati nimeivaa miaka mingi, kijana wangu. Mwenzako si wa kukuongezea ngumi, ni wa kukuongezea mikono. Saa nane usiku umemsimamisha mtu. Huku tochi, huku kitambulisho chake, redio koli inaita. Kiunoni kwake anaangalia nani? Mkiwa wawili, mmoja anahoji na kupekua, mwenzake anajitenga hatua tatu pembeni, kimya, macho kwenye mikono ya mtuhumiwa. Pembeni, si nyuma yake. Ukikaa nyuma, siku ya kufyatuka risasi mtamalizana wenyewe. Pingu ndiyo usiseme. Mtu anayegoma ukishamfunga mkono mmoja tu, ile pingu inayoning'inia ni chuma cha kukupasulia uso.

Mama Chipsi Rangi Tatu: Shikamoo mzee. Hayo ni ya kukamata. Mimi nakaanga hapa hadi saa sita usiku, nimewaona wa kila aina. Akija mmoja anavuta benchi, anaomba maji, utamwambia hata la mtoto wa jirani aliyeanza kuuza simu asizozinunua. Wakija wawili wanapiga soga zao wenyewe, wanamaliza soda, hao. Benchi moja, habari mbili tofauti.

Kinondoni Msomaji: Hili lilishapimwa Marekani. Jiji la San Diego walilinganisha magari ya doria ya askari mmoja na ya wawili, ripoti ikatoka 1977. Ya mmoja yalifanya kazi sawasawa, askari wake hawakuumia zaidi, na gharama ilikuwa ndogo kwa mbali. Kwa askari walewale unapata magari mengi zaidi barabarani. Sasa sisi tunabebana wawiliwawili kwa nini?

Mstaafu Lindoni: Huyo wa San Diego hayuko peke yake, bwana. Mwenzake yuko kwenye redio, anafika na gari lake kwenye lami yenye taa. Wewe niitie msaada ndanindani kule Chanika, mvua ya masika, nyumba haina namba, unaelekeza kwa mti wa mwembe. Hesabu ya San Diego inaanza na barabara.

Dereva Bajaji: Mnasahau ushahidi. Nimewahi kusimamishwa na mmoja, mahali sitapataja. Tukabaki mimi, yeye na elfu kumi yangu. Nikalalamike kwa nani? Mwezi uliofuata wakanisimamisha wawili, nikashukuru Mungu. Wapi! Mmoja alinyoosha kofia, mwingine akageuka kuangalia taa za barabarani kama hajawahi kuziona. Elfu kumi ikawa elfu ishirini.

Kinondoni Msomaji: 😂 Pole mkuu. Ila na wingi si ngao. Mbande mwaka 2016 askari wanne waliuawa pale benki. Kibiti 2017, wanane kwenye gari moja. Hakuna aliyekuwa peke yake.

Mstaafu Lindoni: Hapo sina la kubisha. Mviziaji hahesabu watu, anahesabu dakika. Njia ileile, saa ileile, hata muwe kumi.

Binti Mtoni: Jamani, na sisi wanawake? Sheria inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Mkaguzi wa kiume akiwa peke yake atasubiri WP, yaani askari wa kike, atoke kituoni, na mimi nisimame barabarani usiku watu wananikodolea macho kama nimeiba. Mkitaka wawili, mmoja awe WP. Mbona kwenye kikao hakuna aliyelisema?

Kidagaa wa Tandika: Dada, kwenye kikao wanawake walikuwa wawili, na wote walikuwa jikoni wanapika chai. Nalibeba kama lilivyo. Naona nitapendekeza mchana mkaguzi apite peke yake, hilo la benchi la Mama Chipsi limeniingia. Kuanzia saa nne usiku wawe wawili, WP akipatikana awemo, na njia ibadilishwe kila siku. Kikao ni Jumapili saa kumi. Nimemdokeza mzee mmoja, kaniambia nisithubutu kwenda na habari za San Diego.