Neti ya kivuli mita 12 kwa 15 imeng'oka na nguzo zake: tatizo ni nguo au nguzo? (Moshi)

Mhasibu_Pasua

Wakuu habari za majukumu. Mimi ni mhasibu wa kikundi cha akina mama 14 hapa Pasua, Moshi. Tuna kiwanja cha pamoja tunachouzia chakula mchana, na Jumamosi tunakikodisha kwa vikao vya harusi na kipaimara. Mti uliokuwa unatufunika ulikatwa mwaka juzi kupisha nyaya za umeme, na tangu hapo jua linatula sisi na wateja wetu.

Mwezi wa sita tulinunua neti nyeusi kwenye duka la pembejeo, ile ya kufunikia vitalu vya miche. Tukaunga vipande vinne vikawa mita 12 kwa 15. Fundi welda akatusimikia nguzo 6 za bomba la inchi 2, mashimo futi 2, akamwaga zege. Neti tukaifunga kwa kamba ya manila. Siku ya kwanza ilipendeza, watu wakawa wanapiga picha. Wiki ya tatu ikaanza kushuka tumbo. Mwezi wa tisa, saa nane mchana, kikaja kisulisuli: neti ikajaa kama tanga la jahazi, ikapiga makofi mara tatu nne, nguzo mbili zikang'oka na zege lake kama mihogo. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Tulipoteza meza moja na sufuria zima la maharage.

Welda anasema neti ni dhaifu. Mwenye duka anasema nguzo ni dhaifu. Kwenye kamati wapo wanaotaka sasa tununue turubai la lori ili lizuie na mvua. Naombeni mwongozo kabla hatujachanga tena.

Kibo_Mweupe

Pigeni bati mlale usingizi.

Mhasibu_Pasua

Kaka, bati tulilifikiria. Kiwanja si chetu, ni cha kukodi, na mwenyewe hataki jengo. Halafu bati saa saba mchana Moshi unalijua.

MamaMahema_Themi

Dada Mhasibu, pole na maharage.

Mimi nina miaka 22 kwenye cherehani ya turubai hapa Arusha. 15 ya kwanza nilishona mahema ya safari kwa tajiri, iliyobaki najishonea mwenyewe vivuli vya shule na bustani za chakula. Welda wako na mwenye duka kila mmoja ana nusu ya ukweli. Ila neti yenu ilikufa ile wiki ya tatu iliposhuka tumbo. Kisulisuli kilikuja kuzika tu.

Kivuli hakitandikwi kama shuka. Shuka ya bapa haina cha kuizuia: upepo ukiingia chini inapanda, ukipita inaanguka, na kila inapoanguka inazichapa nguzo. Hayo makofi uliyoyasikia ndiyo yaliyong'oa nguzo. Dawa yake ni kuipinda. Pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari ziwe juu, mbili ziwe chini. Hapo nguo inakuwa imebonyea upande mmoja kama bembea na imeinuka upande mwingine kama tandiko la punda, na kila upande unamshika mwenzake. Kata soksi ndefu ya nailoni, ivute kwenye misumari minne juu ya ubao, miwili mirefu na miwili mifupi, utaliona umbo lote hapo mezani. Frei Otto, yule msanifu Mjerumani aliyeshiriki kubuni mapaa ya uwanja wa Olimpiki wa Munich wa 1972, alikuwa anachovya fremu za waya kwenye maji ya sabuni anatazama utando unavyojivuta wenyewe. Mimi soksi inanitosha, sabuni inapasuka kabla sijapima.

Ukingo nao usikatwe mstari ulionyooka. Ukinyooka utalegea na kupepea hata ukaze vipi. Kwa ukingo wa mita 10 mimi naingia ndani karibu mita 1 katikati, kama mwezi mchanga. Pembeni nashona mfuko, ndani ya mfuko inapita kamba ya waya ya chuma isiyoshika kutu. Waya ndio unaobeba mzigo, nguo inajaza katikati. Kwenye kila pembe kunakaa kikazio cha skrubu, kile kinachozungushwa na kuvuta pande zote mbili. Manila hapana dada. Inaoza kwa jua.

Nikupe na aibu yangu. Mwaka 2016 nilishona kivuli cha mita 8 kwa 8 kwa bustani moja Njiro. Nilipima nguzo hadi nguzo, nikakata kipimo hichohicho. Nilitoka kwenye mahema nikajiona nimemaliza elimu. Baada ya mwezi kimelegea kama kanga kwenye kamba, na vikazio vimekazwa mpaka mwisho, hakuna tena pa kuvuta. Mwenye bustani alinilipa nusu, sikubisha. Neti inanyooka, na inanyooka upande mmoja kuliko mwingine. Siku hizi kila roli jipya nakata vipande viwili vya urefu wa mita 1, upana sentimita 10, kimoja kwa urefu wa roli na kingine kwa upana wake. Navining'iniza kwenye kenchi, kila kimoja na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, siku tatu. Kilichoongezeka ndicho ninachokipunguza wakati wa kukata.

Hiyo neti ya vitalu mara nyingi imefumwa kwa nyuzi bapa kama za kiroba. Ukipata yenye nyuzi za mviringo, ngumu kama mshipi wa kuvulia, chukua hiyo kwa kivuli cha watu. Na uzi wa kushonea usiwe wa kawaida. Vivuli vinavyoletwa kwangu kutengenezwa, vingi neti yake bado nzima. Napitisha ukucha kwenye mshono, uzi unakatika kama bua kavu. Jua limekula uzi, limeacha nguo.

Zege_Kavu

Mama amemaliza juu, mimi niingie chini ya ardhi. Nimesimamia ujenzi miaka mingi, Arusha na Manyara.

Upepo wa kilomita 90 kwa saa ukikupiga uso kwa uso unasukuma takriban kilo 38 kwa kila mita ya mraba. Eneo lenu ni mita za mraba 180. Kama ni turubai lisilopitisha hewa, hiyo ni karibu tani 7. Neti inapitisha kiasi fulani, lakini msijidanganye. Sasa angalia mlichozika: shimo la futi 2, upana tuseme sentimita 30 kwa 30, zege lake lina kama kilo 130. Nguzo sita hazifiki hata tani moja.

Shimo la sentimita 60 kwa 60 kwenda chini mita 1.2 linakupa zege la takriban tani moja kwa nguzo, bado udongo wa pembeni nao unashika. Bomba la inchi 2 ni la kuanikia nguo, nenda inchi 4 lenye ukuta mnene. Na nguzo isisimame wima, ilale kuelekea nje. Kwa kimo cha mita 4, kichwa kitoke nje kama sentimita 35.

Ushauri wangu: vunjeni hiyo moja kubwa iwe tatu ndogo. Na kabla ya sululu, mwoneni mhandisi wa manispaa, awape vipimo vya udongo wenu na kibali. Nimewapa hesabu za kuanzia, msijengee hizi.

Mhasibu_Pasua

Asante mama, asante mkuu. Nimesoma hili la kilo 130 kwa sauti kwenye kikao, welda aliondoka kabla ya chai. Swali la kamati lipo palepale: turubai la lori kwa ajili ya mvua?

Alhaji_Majengo

Assalaam alaykum. Si fundi, nachangia nilichokiona. Pale uwanja wa ndege wa Jeddah, jengo la mahujaji, juu yako kuna mahema meupe 210, kila moja mita 45 kwa 45, yapo tangu 1981. Pembeni pako wazi, na kila hema limechongoka na lina tundu juu, joto linapanda na kutoka. Tulikaa saa nyingi na ihramu zetu bila kutokwa jasho sana. Nilivyorudi nikaingia chini ya turubai la bluu kwenye msiba hapa Majengo, nikatamani kurudi Jeddah.

MamaMahema_Themi

Alhaji amenisaidia kujibu. Turubai linafunga hewa, na halina huruma na maji. Likibonyea mita 3 kwa 3 na maji yakatuama wastani wa sentimita 10 tu, hizo ni kilo 900 juu ya vichwa vya watu. Masika ya Moshi haisubiri mtu apande na fagio kusukuma. Mkilitaka kweli liwe na mwinamo mkali na pa kumwagia maji, na zege liongezeke tena. Kwa pesa yenu chukueni neti. Mvua ikija watu waingie ndani.

Jua nalo lina ratiba. Kwenu linapita utosini wiki ya pili ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi wa sita linakaa upande wa mlima, kivuli cha nguo iliyo juu mita 4 kinasogea kusini kama mita 2 saa sita na nusu. Wanaokosea wengi wanapima mchana tu. Saa kumi jioni kivuli hichohicho kimekimbia mashariki karibu mita 5, viti viko juani na neti iko juu inatazama. Kwa hiyo pembe moja ya chini ielekezeni upande wa Arusha, yaani magharibi.

Nimesahau la muhimu kuliko yote. Mnapika chini yake? Neti hii ni plastiki, inayeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi. Cheche moja ya mkaa inatoboa, na moto wa mafuta sitaki hata kuuwaza. Majiko yakae nje ya kivuli, kwenye kibanda chake chenye bati.

Mhasibu_Pasua

Majiko yalikuwa katikati kabisa, mama. Mama Neema wa mihogo amekasirika kuhamishwa lakini amekubali kwa sharti la kuwa karibu na geti.

Tumepata roli la nyuzi za mviringo. Ndoo mbili zinaning'inia kwenye kenchi ya ofisi tangu juzi. Cha urefu wa roli kimeongezeka sentimita 1, cha upana 3 na nusu. Mhandisi anakuja Alhamisi kuangalia udongo. Nimewakataza watoto wa mwenyekiti kugusa ndoo, jana nimekuta moja imejaa nusu, kwa hiyo hicho cha upana naanza kuhesabu siku upya.

MamaMahema_Themi

Anza upya, ndiyo. Na funika ndoo, maji yanapungua kwa jua pia.