Umoja na wingi wa Kiingereza: kwa nini wanaandika "two goods books"?

Mwl_DarasaTatu
Habari za kazi walimu. Nina darasa la tatu, shule ya serikali, watoto 74. Wiki mbili tupo kwenye umoja na wingi. Nikisema "book" wanaitikia "books" kwa sauti moja, ila kwenye madaftari nakuta "two goods books", "five table", "the boys runs" na "childrens" kila ukurasa. Kanuni za -s, -es na -ies wanazo kichwani. Nirekebishe kuanzia wapi? Na yale maneno yasiyofuata kanuni niyafundishe sasa au nisubiri?

Bi_Ngeli
Mwalimu mwenzangu, hapo hakuna uzembe. Mtoto anafuata sarufi anayoijua. Kwetu alama ya wingi hukaa mwanzoni mwa neno, kisha inaambukiza majirani wote: kitabu changu kizuri, vitabu vyangu vizuri. Maneno matatu, alama tatu. Kiingereza huibandika nomino -s nyuma na kivumishi hakiguswi: my good book, my good books. Mtoto akiandika "goods books" ametenda haki ya upatanisho wa kisarufi, ila kwa lugha isiyoudai.

"Five table" nayo ina chanzo chake. Meza, nyumba, kalamu, nguo hazibadiliki umbo. Wingi unauona kwenye "zangu" au kwenye namba. Pitia madaftari utenge makosa ya namna hii na yale ya maneno kama kitabu na kiti. Yakirundikana upande wa meza na kalamu, umeshajua cha kurudia.

Kesho andika ubaoni mistari minne: Kiswahili umoja, Kiswahili wingi, halafu Kiingereza umoja na wingi. Mtoto mmoja apigie mstari kila sehemu iliyobadilika. Kwenye Kiswahili atapiga mitatu, kwenye Kiingereza mmoja. Usieleze kitu mpaka wahesabu wenyewe.

Kisha kadi. Vikundi 12 vya watoto 6 au 7, kila kikundi kadi 20 za boksi la karatasi: nomino 10, vivumishi 5, namba 4 (one, two, three, five) na kadi MOJA tu ya -s. Hiyo moja ni ya makusudi. Wakipanga "three", "red", "pen", halafu wakaipachika -s kwenye "red", hawana nyingine ya kuipa "pen", na ubishi unaanza wenyewe. Kadi ya "one" usiisahau: ikitoka, -s inabaki mezani. Darasa ambalo halijawahi kuiacha -s mezani litaandika "a books" hadi darasa la saba.

Kwenye nomino 10 za mwanzo weka zinazochukua -s peke yake: pen, cup, table, bag, chair, tree, dog, book, desk, house. "Box" na "baby" zisubiri, kwa sababu hapo mtoto anapigana na mambo mawili kwa mpigo, mahali pa alama na tahajia.

Fundi_Matamshi
Naongeza la sikio, maana kanuni zao zote ni za jicho. Hiyo -s ina sauti tatu. Kwenye "cups" ni s, kwenye "bags" ni z, kwenye "boxes" inazaa silabi nzima. Waweke kiganja kooni: kwenye "bags" koo linatetemeka hadi mwisho, kwenye "cups" linanyamaza. Na maneno ya Kiswahili huishia irabu, ndiyo maana wengine wanaimeza -s na wengine wanaipachika irabu, "kapsi". Asiyeisikia haiandiki, ila kwa kukariri.

Mpime kwa maneno ya kubuni. Mwaka 1958 mtafiti wa lugha Jean Berko, Marekani, aliwaonyesha watoto wadogo mchoro wa kiumbe alichokiita "wug", akawauliza wakiwa wawili wanaitwaje. Wengi walijibu sawa. Lakini wengi waliosema "glasses" bila shida walikwama kwenye neno la kubuni "tass". Neno moja walikuwa wamelizoea, kanuni yenyewe bado. Chora wadudu watatu ubaoni, waite "tak", "pim" na "nosh". Akikujibu "taks, pims, noshes", umefaulu. Akikwama, ule mwitikio wa "books" ni wimbo tu.

Mwl_Kitenzi
"The boys runs" ni kosa la aina nyingine kabisa. Umemwambia -s ni wingi, naye amekuamini, akaiweka mpaka kwenye kitenzi. Kumbe kwenye kitenzi ni alama ya umoja: the boy runs, the boys run.

Walimu wengi husema "-s iwe moja tu, huku au kule". Mimi sishauri. Ikifika "the children run" hakuna -s popote, na mtoto atalazimisha "childrens run". Tumia jaribio la "they": funika nomino kwa kidole, sema "they" mahali pake. Likikubali, kitenzi hakipati -s. Hilo linafanya kazi kwa boys, kwa children, hata kwa people.

Kuhusu swali lako la mwisho: fundisha sasa, ila manane tu. Men, women, children, people, feet, teeth, mice, sheep. Yafundishe kama msamiati wenye picha, usiyatafutie kanuni. "Women" itamke "wimin", maana herufi inayobadilika kwa macho iko kwenye silabi ya pili, ila sikio linasikia mabadiliko kwenye silabi ya kwanza. "Childrens" nayo usiichukie sana: zamani Waingereza walisema "childer", tayari wingi, kisha wakaongeza -en juu yake. Mtoto wako amefanya walichofanya wao.

Bi_Ngeli
Na maji! Kwetu maji, maziwa na mafuta hupatana kama wingi: maji haya yamemwagika. Hapo ndipo "the water are" inapotoka. Nywele vilevile, zinaleta "my hairs are". Suruali, mkasi na miwani ni kinyume chake: kwetu moja, kwao trousers, scissors, glasses, zote na "are". Tenga kipindi kizima, usizichanganye na kadi za -s.

Mwl_DarasaTatu
Asanteni sana. Kwenye kitabu kuna "roof" na "stomach". Niziweke -ves na -es?

Fundi_Matamshi
Hapana. Roofs, kama chiefs. Leaf, knife, shelf na loaf ndizo zinazokwenda -ves, kwa hiyo -f haina kanuni ya kuiamini, fundisha neno kwa neno. Stomachs ni kwa sababu "ch" hapo inatamkwa k. -Es hufuata sauti, haifuati herufi. "Mangoes" na "mangos" zote sahihi, usimkate mtoto alama.